Mchumba Wangu Amemlehemu Tai wa 1795 kwenye Kibanio cha Tai

Mama Ottilie, nisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunikaripia, maana najua utanikaripia. Marehemu mke wangu Joyce alikuwa akisoma safu yako kwa sauti kila Alhamisi huku akininyoa nywele jikoni, nami nilikuwa nawacheka watu wanaokuandikia, nikimwambia mtu mzima mwenye akili zake hawezi kujitumbukiza kwenye matope kiasi hicho, na sasa niko hapa, miaka sitini na saba, fundi mstaafu wa tanuri za kiwanda cha mikate ya chumvi, nakuandikia kwa penseli ili niweze kufuta ninapoona aibu, na nimefuta mpaka karatasi imetoboka. Majina tafadhali yabadilishe yote.

Mimi nakusanya sarafu za dhahabu, zile za mwanzo kabisa za nchi hii, zilizopigwa Philadelphia wakati serikali yenyewe ilikuwa bado inajifunza kutembea, ingawa kusema nakusanya ni kujisifu, kwa mshahara wa kiwandani nimepata mbili tu maishani, moja imechakaa hadi huwezi kujua kama ile sura ni ya mtu au ya kiazi, na nyingine kuna mtu wa zamani aliitoboa akamvalisha mtoto shingoni. Lakini Luther Reifsnyder, yule aliyekuwa na duka la magodoro, alikuwa nayo ile yenyewe. Dola tano ya 1795, mwaka wa kwanza kabisa. Upande mmoja mwanamke aliyefunga kitu kama kilemba, upande wa pili tai mwembamba, shingo ndefu, ameng'ata shada la majani mdomoni, na sisi wa klabu tukimtaja yule tai tunashusha sauti. Babu yake Luther aliikuta ndani ya ukuta alipokuwa akibomoa jiko la shambani. Kila Januari Luther alituita nyumbani kwake, wanaume saba, akaivua kwenye kabati na kumpa kila mmoja wetu dakika moja ya kuishika pembeni kwa vidole viwili, akituhesabia kwa saa yake ya mkononi. Nimekwenda Januari ishirini na mbili. Maana yake nimemshika yule tai dakika ishirini na mbili tangu nizaliwe. Mkewe Verna hakuruhusiwa hata hiyo moja. Alipoleta kahawa ilimbidi asimame mlangoni na sinia lake mpaka tumalize, kwa sababu Luther alisema mvuke unaharibu dhahabu, jambo ambalo si kweli, na sote tulijua si kweli, na hakuna aliyemwambia.

Basi mwaka jana Februari Luther akaanguka akizoa theluji mbele ya gereji, moyo ukasimama palepale. Baada ya mazishi tulikaa ukumbi wa kanisa tukala nyama ya nguruwe na ile pai ya zabibu kavu ya misibani, kisha sisi saba tukapanga mstari kumpa Verna pole, na kila mmoja akamwambia akihitaji chochote asisite, na nakuapia, Mama Ottilie, hakuna hata mmoja aliyekuwa akifikiria magodoro. Wiki ile ile paa lake lilisafishwa mifereji na watu watatu tofauti. Chester Kuhns ndiye aliyejimaliza mwenyewe mapema. Wiki ya tatu alimuuliza kama ameshafikiria kuuza, na Verna akamletea koti lake, akamfunga vifungo vyote hadi shingoni kama mtoto anayekwenda shule, akamfungulia mlango.

Mimi nikajifunza kutokana na Chester. Nikajiambia, Harlan, wewe usiitaje kabisa. Boila lake la kupasha nyumba joto lilikuwa linavuma, nikalitengeneza, wiki iliyofuata nikarudi kulikagua, halafu ikawa kila Jumatano naenda, mara bawaba, mara bomba, na yeye ananipikia ule mchuzi wa kuku wenye tambi pana, tunacheza karata, ananifunga, ananicheka. Kabati lipo chumba cha kulia. Sarafu imelala kwenye mahameli ya buluu, mwanamke wa kilemba ameangalia juu, na mimi kila mara nachagua kiti kile kinachotazama kabati, natoa lenzi yangu ya kukuzia nikisingizia nasoma gazeti. Nilikuwa na mpango, sitakuficha. Pesa ya kuinunua sina na sitakuwa nayo hata nikifufuka mara mbili. Lakini mume wa mwenye kabati hanunui chochote. Mume anafungua tu mlango wa kabati.

Nilimposa Oktoba ndani ya gari, tukiwa kwenye mashine ya kuoshea magari, kwa sababu nilifikiri kelele za yale mabrashi zitanisitiri nikikataliwa. Verna akasema, "Subiri tutoke, Harlan, nataka nisikie vizuri." Tulipotoka juani nikarudia, gari linadondosha maji, akasema sawa. Tarehe ikawa kumi na nne Juni.

Hapa ndipo mambo yalipoanza kuharibika, kwa sababu nilianza kufurahi. Sikulitambua mpaka Jumatano moja ya Desemba nilipofika nyumbani nikavua viatu nikagundua sikuliangalia kabati siku nzima. Niliogopa kama mtu aliyesahau kuzima tanuri. Jumatano iliyofuata nikaangalia mara mbili kufidia. Januari klabu ilimwomba Verna ifanyie mkutano wake nyumbani kwake kama kawaida, akajibu kwamba mwaka wa msiba haujaisha, nami moyoni nikamsifu kwa busara, nikajisemea vizuri, hao wakae mbali na tai wangu.

Sasa nisikilize. Wiki tatu zilizopita ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa. Verna alioka keki, akanipa kiboksi chenye utepe, akasema, "Hiki ni chako cha kuvaa siku ya harusi." Nikafungua. Ilikuwa ile sarafu, Mama Ottilie. Alikuwa ameipeleka kwa sonara, ikang'arishwa mpaka inawaka kama bomba jipya la bafuni, nywele za yule mwanamke zimelainika zote, na mgongoni, pale palipo tai, pamelehemiwa bati la kibanio cha tai. Tai aliyenusurika miaka zaidi ya mia mbili na ishirini, akapita mikononi mwa wezi na majambazi na wake wa wakulima, amelehemiwa abane tai ya shingoni ya dola kumi na mbili. Nilimwambia ni nzuri sana, nikaenda chooni, nikafungua maji, nikalia. Verna akagonga mlango akaniuliza kama nimefurahi au naumwa. Nikamwambia nimefurahi mno.

Ikanibidi niivae kwenye mkutano wa klabu, ukumbi wa zimamoto, kwa sababu yeye mwenyewe alinibania kabla sijatoka. Chester aliisogelea, akaiangalia sekunde moja, akatoka kwenda kukaa ndani ya gari lake. Wengine wakavua kofia. Katibu akaandika kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba klabu imempoteza mwanachama wake mzee kuliko wote. Halafu mmoja akaniuliza taratibu, pembeni ya birika la kahawa, "Na bado unaoa?" Nikajimiminia kahawa nyingine.

Tangu siku hiyo sijaenda kwake. Jumatano mbili nimepiga simu kusema nina mafua. Sili vizuri. Nikiwaza harusi naona lile bati, nikiwaza kuvunja naona jikoni kwake na karata zake na naona kama mtu ananizimia taa. Nifanye nini, nioe au nisioe? Na kama nitaoa, je, ni vibaya kumuuliza kwa upole jina la huyo sonara, kwa sababu wako mafundi ambao mara nyingine wanaweza kubandua lehemu bila kuumiza sana?

Wako, Aliyebanwa.

*

Bwana Aliyebanwa,

Majina nimebadilisha kama ulivyoomba, ingawa katika kaunti hii ipo klabu moja tu ya sarafu na wanachama wake mnatosha kwenye meza moja ya karata, kwa hiyo sidhani kama nimekusaidia sana.

Nimekusoma mpaka mwisho. Pole. Najua hucheki, na mtu anayelia chooni akiwa amefungua maji anastahili pole hata kama analia ujinga. Sasa nikae sawa nikuseme.

Wewe unajiita mjuzi wa vitu vya kale, unaweza kutambua mkwaruzo wenye upana wa unywele, lakini mwanamke aliyekaa mbele yako Jumatano zaidi ya hamsini hujamsoma hata mstari mmoja. Verna aliishi na Luther miaka mingapi? Hukuandika, nadhani hukuuliza. Ni mwanamke aliyesimamishwa mlangoni kwake na sinia la kahawa, Januari baada ya Januari, akisikiliza wanaume saba wakihubiriana kwamba sarafu haiguswi, haifutwi, haisuguliwi, haipumuliwi. Unadhani baada ya mahubiri yote hayo hajui lehemu inafanya nini? Anajua kuliko Chester. Hakupeleka ile sarafu kwa sonara kwa kutojua, bwana. Aliipeleka kwa kujua.

Na kwa nini? Kwa sababu alitaka kuona nani atabaki kwenye kile kiti baada ya kabati kuwa tupu. Ni swali la haki kabisa kwa mwanamke mwenye kitu cha thamani kilichozungukwa na wanaume wenye bisibisi. Angeweza kukuuliza kwa maneno, ungemdanganya kwa maneno. Amekuuliza kwa njia ambayo huwezi kudanganya, nawe umemjibu kwa mafua. Mafua ya wiki mbili. Sijui kama unaelewa kwamba kila Jumatano anapoweka simu chini anajua umejibu nini.

Umeniandikia kurasa nne. Ukurasa mmoja ni wa sarafu, mwingine ni wa sarafu, wa tatu ni wa sarafu. Lakini kwenye ule wa nne pana mistari miwili kuhusu jikoni na karata na taa inayozimwa, na hiyo haina mfuto hata mmoja wa penseli. Nimeitazama kwenye mwanga. Kila kitu kingine umekifuta na kuandika upya. Hiyo umeiandika mara moja ikakaa. Jibu lako lilikuwa hapo, na hukuhitaji stempu kuja kuniuliza mimi.

Basi fanya hivi. Usisubiri Jumatano. Jumatano ni siku ya mpango wako wa zamani. Nenda siku utakayoipata barua hii. Usibebe maua, maua yatampa kazi ya kutafuta chombo na wewe utapata mwanya wa kuzungukazunguka. Simama mbele yake umwambie yote, tangu ule mstari wa pole kanisani, lenzi, kiti, kila kitu, na usijipambe. Usiseme hata neno moja kuhusu sonara. Ukimuuliza jina la sonara nitajua, na nitachapa jina lako halisi. Ukishamaliza, nyamaza. Akikufukuza, ondoka, umestahili. Akikubakiza, siku ya harusi vaa kile kibanio, na watu wakikuuliza ni nini, waambie ni zawadi ya mke wako.

Kuhusu klabu: nyinyi sita mliobaki, ninyi wa mifereji ya paa, nimewapata pia. Katika kaunti hii wapo wajane ambao hawana sarafu yoyote na mifereji yao imeziba. Anwani zao ninazo. Nipigieni.

Mama Ottilie

*

Kwa kuwa harusi ilikuwa inakaribia, jibu hilo nililituma kwa posta kwanza kabla ya kulichapa. Jana nimepata barua hii. Naiweka kama ilivyo, kwa sababu inanisahihisha hata mimi.

Mama Ottilie, nilikwenda Ijumaa, saa moja baada ya tarishi kupita. Verna alikuwa mezani anamenya viazi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, hakunikatiza, aliendelea kumenya tu. Nilipomaliza akaniuliza, "Ulipofungua lile boksi ukaenda kulia, ulimlilia nani?" Nikasema nilimlilia tai. Akasema angalau hilo ni la kweli.

Akanyoosha mkono, nikampa kibanio. Akachukua ncha ya kisu cha viazi akakibandua mbele ya macho yangu. Niliziba uso. Akasema, "Angalia, mjuzi." Nikaangalia. Mgongoni mwa yule tai, pale bati lilipokuwa limefunika, palikuwa na neno limegongwa kwa herufi ndogo: NAKALA. Ilikuwa shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu. Aliinunua kwenye duka la zawadi kule Philadelphia mwezi Agosti, siku ile ile aliyoipeleka ile halisi kwa mfanyabiashara akaiuza. Agosti, Mama Ottilie. Mimi nilimposa Oktoba. Miezi saba nimekaa kwenye kile kiti nikichungulia shaba kwa lenzi, na kwenye ukumbi wa zimamoto wanaume saba tuliiomboleza.

Nilitaka kumuuliza nani kainunua. Nilitaka mno, ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikauma. Nikamuuliza badala yake kama amekasirika.

"Nimekasirika tangu mwaka jana," akasema. "Umechelewa, nimeshaanza kuzoea."

Nikamuuliza basi kwa nini alikubali siku ile ya kuosha gari kama alijua nafuata kabati. Akasema hao wengine wote walikuwa wakisikiliza kama sakafu ya chumba cha kulia inalia wanapokanyaga kuelekea kabatini, lakini mimi, wiki ile niliporudi kukagua boila, nilikaa chini ya ngazi nusu saa nalisikiliza linavyovuma mpaka nikasinzia, na alipokuja kuniamsha nilimwambia ahsante Joyce. Alisema mtu anayesinzia nyumbani kwako hawezi kuwa mwizi wa siku nzima. Sikukumbuka kabisa kwamba nilisema hivyo.

Harusi ameisogeza hadi Septemba. Amesema anataka kuniangalia kiangazi kizima nisipokuwa na kitu cha kuchungulia. Sikubisha.

Kisha akaniambia nivae buti, tukaenda kwa gari lake upande wa Kempton, akasimama kwenye kiwanja cha ekari tatu chenye mteremko, matope matupu, na pembeni mafungu ya miche iliyofunikwa magunia. Hiyo ndiyo sarafu, akasema. Alitaka shamba la miti ya Krismasi tangu ana miaka ishirini na Luther alisema ni pesa ya kuchezea. Miche mia tisa. Nikahesabu mashimo aliyokwisha kuchimba peke yake katika zile wiki mbili za mafua yangu, yalikuwa arobaini na moja.

Nikamuuliza inachukua muda gani mpaka ikatwe. Akasema miaka minane, labda tisa. Nikamwambia, "Verna, mimi nina sitini na saba."

Akanipa koleo. Akasema, "Basi chimba haraka."